Togwa Iliyolala Njiani

Makambako,
11 Januari 1954

Kwa Bwana Hilari Mgaya, Kifanya

Mkwe wangu,

Nakusalimu katika jina la Bwana wetu. Hapa tu wazima. Mvua haikatiki, nguo hazikauki, na wateja wananilaumu mimi fundi badala ya kuyalaumu mawingu.

Siku imekubaliwa. Mwanangu Ezekia na binti yako Oktavia watafunga ndoa Jumamosi tarehe 6 Februari. Oktavia amemaliza mafundisho, na Jumapili ya mwisho ya mwezi huu atapokelewa usharikani kwetu. Najua haikuwa rahisi kwenu Wakatoliki kumwachia avuke. Mungu atawalipa.

Sasa neno zito. Wewe ni mgema wa ulanzi, na sifa zako zimefika hata huku. Mimi ni mzee wa kanisa, huu ni mwaka wa kumi na nne. Tangu nilipobatizwa mwaka 1931, pombe haijagusa ulimi wangu. Na Ezekia ni mwalimu wa shule ya kanisa. Mwalimu akioa katika ulevi, siku ya Jumatatu hana kazi, na asiye na kazi hana nyumba ya kumweka mke. Kwa hiyo nakuomba mkwe, isiletwe pombe ya aina yoyote, wala ya mtama wala ya mlanzi. Togwa inaruhusiwa. Hata Mwinjilisti wetu Enoki hupenda togwa kupita kiasi.

Nijibu upesi ili niwaambie wazee.

Mimi mkwe wako,
Filemoni Mlowe, fundi cherehani


Kifanya,
19 Januari 1954

Mkwe wangu Fundi,

Kamwene! Barua yako imefika ikiwa na kichwa cha Mfalme kwenye stempu. Mfalme mwenyewe amekufa tangu mwaka juzi, na bado anatutembezea barua zetu kwenye matope. Huyo ndiye mtumishi, sisi wengine tunajisifu tu.

Nimekusikia, na nimemsomea Tereza mke wangu. Alilia kidogo pale penye kuvuka, kisha akaendelea kupepeta ulezi. Padre ananitazama kama mtu aliyeuza ng'ombe wa jirani. Lakini mtoto amependa, na mimi simchagulii mtoto mume kwa rozari.

Kuhusu kinywaji, sikiliza, nisije nikakudanganya kwa neno. Kwetu baba wa binti humtoa binti yake akiwa na mbeta mkononi, chombo cha mwanzi kilichojaa kinywaji. Akifika mikono mitupu, watu husema hakumtoa, amempoteza. Mimi siwezi kumpoteza Oktavia. Lakini mlanzi, mwanzi huu tunaougema, una tabia zake. Ukiukata ncha alfajiri na kuutundikia mbeta, kile kinachotona mpaka jua lipande tunakiita togwa. Ni kitamu, hakina kosa, Tereza humpa hata mtoto wa jirani. Kikilala usiku mmoja kinaanza kusema. Kikikutwa na jua la pili ni mkangafu, ulanzi mkali kabisa, na mkangafu haumwogopi mtu, awe Mkatoliki au Mlutheri.

Basi nitagema Ijumaa alfajiri, nipande lori linalopita hapa kwenda Njombe na Makambako, na jioni hiyo hiyo tunywe wakati mnampokea bibi harusi. Kitakachobaki tunamwaga chini kabla hatujalala. Je, togwa hiyo inakubalika kwako, au togwa yenu ni ile ya uji wa kimea tu? Sema wazi. Neno ni moja ila vyungu ni viwili.

Mkwe wako,
Hilari


Makambako,
27 Januari 1954

Mkwe wangu Hilari,

Nimefikiri juu ya swali lako na nimeomba. Leta hiyo togwa ya mlanzi. Neno ni togwa na liwe togwa. Nimeshawaambia wazee kuwa mnaleta togwa, nao wamefurahi. Wakidhani ni ya kimea, waache wadhani, maana iliyo tamu haina dhambi, na baraza halina haja ya kujua kama imetoka kwenye mlanzi au kwenye chungu.

Ila mimi mwenyewe nitaionja kabla haijagusa mdomo wa mgeni. Mtoto wa mgema hapotei. Hukujua? Marehemu baba yangu aligema kule Lupembe mpaka siku alipokufa. Ulimi wangu unajua saa ambayo ulanzi unageuka kuliko saa ya ukutani.

Gauni la Oktavia limekwisha. Nimelishona kwa mkono wangu, na pindo nimelirudia mara tatu.

Filemoni


Makambako,
10 Februari 1954

Bwana Hilari,

Siwezi kuandika salamu.

Unajua kilichotokea, lakini nakiandika ili kisije kikapunguzwa. Tuliwangoja Ijumaa jioni na taa zimewashwa, hamkufika. Mlifika Jumamosi saa sita mchana, ibada ikiwa inawangoja ninyi tu, binti yako akiwa na tope kwenye nywele, mnasema lori lilikwama karibu na Mtwango usiku kucha. Tukamwosha, akavikwa, wakafungwa ndoa. Hadi hapo Mungu alikuwa pamoja nasi.

Kisha togwa yako ikagawiwa. Mwinjilisti Enoki alikunywa vikombe vinne, akalala kwenye kibaraza na Biblia kifuani, watoto wakamzunguka wakimhesabia pumzi. Akina mama wa kwaya waliacha tenzi wakaimba zile nyimbo za kupura ulezi ambazo mchungaji alizikataza kabla ya vita. Mke wa mchungaji mwenyewe alicheka mpaka akaketi chini kwenye tope, na mpaka sasa hatoki nje kwa aibu.

Jana baraza lilikaa. Wameniuliza, mzee wa kanisa, pombe imeingiaje katika ua wako? Nimewajibu ukweli, kwamba mkwe wangu aliniambia ni togwa, nami nikamwamini. Wakauliza kama niliionja. Nimewaambia sikuionja.

Oktavia na Ezekia wapo kwenye nyumba ya mwalimu. Hawana amani.

F. Mlowe


Kifanya,
17 Februari 1954

Mkwe wangu,

Bado nakuita mkwe, maana ndoa bado ipo.

Nimesoma barua yako mara mbili ndani, na mara ya tatu nikaenda nikaisoma katikati ya milanzi, labda huko ingesema tofauti. Imesema vilevile. Unasema hukuonja.

Filemoni, tulikuwa wawili nyuma ya banda lako la cherehani. Mimi nilikuwa na matope mpaka magotini. Nilikuambia hivi: "Mkwe, imelala njiani. Si togwa tena. Nioneshe mahali pa kumwaga." Ulichukua mbeta moja kutoka mkononi mwangu. Ukaonja, ukafumba macho. Ukaonja tena, na mara hii ilikuwa funda, si kuonja. Ukajifuta mdomo kwa ile tepu yako ya kupimia iliyokuwa shingoni, ukasema, "Ni togwa. Wapeni watu."

Unajua nilifikiri nini? Nilifikiri unaniokoa. Nilisema moyoni, mtu huyu ameona nimefika na mzigo ulioharibika, ameona nitaitwa baba aliyempoteza binti, ameamua kubeba aibu yangu. Nilikupenda saa ile kuliko ndugu yangu wa tumbo moja. Nilimwambia Tereza njiani tukirudi kwamba Oktavia ameangukia pema.

Sasa naona nilikosea, ila sijui nilikosea wapi. Kama hukutaka kuniokoa, ulitaka nini?

Na usisahau kwamba ninayo barua yako ya tarehe 27. Umeandika mwenyewe kuwa utaonja, na kuwa wazee waachwe wadhani.

Hilari


Makambako,
24 Februari 1954

Mkwe wangu mpendwa,

Nisamehe ukali wa barua ile. Niliandika nikiwa nimetoka barazani.

Tusibishane juu ya nani alisema nini nyuma ya banda. Tuwafikirie watoto. Baraza linataka jina la mtu. Likiandikwa jina langu, ninavuliwa uzee, na Ezekia kwa kuwa ni wa nyumba yangu anafukuzwa shule. Wakifukuzwa, Oktavia atakula nini, atalala wapi? Lakini likiandikwa jina lako, watakufanya nini? Wewe ni Mkatoliki. Baraza letu halina mamlaka juu yako. Wewe ni mgema, na hakuna atakayeshangaa. Ni maneno tu, yatapita juu yako kama mvua juu ya bata.

Nakuomba uandike barua ya kuungama. Sema uliniambia ni togwa ukijua si togwa. Sema sikuonja. Iwe fupi, iwe na sahihi yako. Na ile barua yangu ya tarehe 27, irudishe ndani ya bahasha hiyo hiyo, isije ikaangukia mikono isiyotutakia mema.

Nakuapia mbele za Mungu, Oktavia hataguswa. Atakuwa binti yangu.

Mkwe wako,
Filemoni


Kifanya,
3 Machi 1954, Jumatano ya Majivu

Mkwe,

Nimetoka kanisani sasa hivi, majivu yako kwenye paji la uso. Padre amenipa majivu ila komunyo bado ananinyima kwa ajili ya Oktavia kuvuka kwenu. Kwa hiyo leo nimepata sehemu ya mavumbi tu, na nimeona ni siku nzuri ya kuandika unachotaka.

Tereza amekataa kuniletea wino. Amesema, "Mzee, mtu akikuomba uongo wako, jua wa kwake umekwisha." Nimeuchukua mwenyewe.

Karatasi ya pili ndiyo ya baraza. Barua yako ya tarehe 27 nimeirudisha, ihesabu. Sasa sina kitu mkononi ila neno lako.

Oktavia asiguswe.

Hilari


(karatasi ya pili)

Kwa Wazee wa Usharika,

Mimi Hilari Mgaya wa Kifanya ninaungama kwamba tarehe 6 Februari nilileta ulanzi uliolala njiani usiku kucha, nikamwambia Mzee Filemoni Mlowe kuwa ni togwa, hali nikijua si togwa. Yeye hakuonja. Kosa ni langu peke yangu. Naomba binti yangu asihukumiwe kwa kosa langu.

Hilari Mgaya


Makambako,
15 Machi 1954

Baba,

Shikamoo. Naandika nikiwa nimeketi juu ya sanduku langu, nikingoja lori.

Jana Jumapili barua yako ilisomwa mbele ya watu wote baada ya mahubiri. Mchungaji aliisoma polepole. Alipomaliza alisema, basi, mtu ameungama, tumwombee, yaishe. Watu wakaanza kuinuka. Ndipo baba mkwe akasimama. Alisema hayawezi kuisha hivyo. Alisema mwalimu wa kanisa hawezi kulala nyumba moja na binti wa mtu aliyeunywesha usharika kwa hila, na kwamba yeye, ijapokuwa ni baba wa Ezekia na anaumia kuliko wote, anatoa shauri nirudishwe kwetu hadi wewe uache kugema na uje upige magoti hapa mbele. Akina mama walimwambia ana roho ya Ibrahimu kwa kumtoa mwanawe namna ile. Alilia, Baba. Nami nilimwona akilia nikamhurumia.

Wakamwuliza Ezekia anachagua nini. Alitazama viatu vyake. Akasema, "Shule."

Sasa nakuuliza wewe. Ulijua togwa imegeuka, ukamdanganya mzee aliyeuacha ulevi kabla sijazaliwa? Siku ya harusi yangu? Nilikuwa tayari kubishana na kanisa zima kwamba baba yangu hasemi uongo. Kumbe uongo uko kwenye karatasi, kwa mkono ulionifundisha kuandika herufi.

Siji Kifanya. Nakwenda kwa shangazi Ida kule Lupembe. Usiniandikie. Kuna jambo jingine mwilini mwangu ambalo nilitaka kukuambia kwa furaha, sasa nitamwambia mama atakapokuja, kama atakuja bila wewe.

Oktavia


Kifanya,
24 Aprili 1954

Filemoni,

Umemgusa.

Nimeandika barua tatu kwenda Lupembe kumweleza mwanangu ukweli. Zote tatu zimerudi hazijafunguliwa. Mama yake amekwenda akamwambia, naye amejibu, "Mama, wewe hukuwepo nyuma ya banda, unasema uliyoambiwa." Ni kweli. Tulikuwepo wawili tu, na mmoja wa hao wawili ameshatia sahihi kwamba ni mwongo.

Nilikuja Makambako juzi, labda uliambiwa. Cherehani ilikuwa inalia ndani, nilipobisha ikanyamaza, na mlango haukufunguliwa. Mtu mzima, mzee wa kanisa, kujificha chini ya meza ya vitambaa!

Sitapiga magoti kwenu. Sitaacha kugema. Ila nikuombe kitu kimoja tu, na sitaomba tena. Mwandikie Oktavia mstari mmoja: "Nilionja." Huna haja ya kuliambia baraza. Baki na uzee wako. Mwambie yeye tu.

Hilari


Makambako,
5 Desemba 1954

Mkwe wangu Hilari,

Najua ni miezi saba, na hukupata jibu langu. Mvua zimeanza tena, na tangu zianze siwezi kukaa na haya peke yangu.

Nimesikia amezaa mtoto wa kike. Ezekia hakai tena hapa, aliomba uhamisho, yuko juu huko Iwawa kwenye baridi, ananiandikia mistari miwili kwa mwezi, mmoja wa salamu na mmoja wa kwaheri. Mimi bado ni mzee wa kanisa. Mwezi uliopita wamenifanya mwenyekiti wa wazee kwa sababu ya ule mfano wa Ibrahimu.

Uliniuliza kama sikutaka kukuokoa, nilitaka nini. Nitakuambia. Baba yangu alikuwa akinipa funda la kwanza la asubuhi kutoka kwenye mbeta yake, kabla hata hajalionja yeye, nikiwa nimeketi begani mwake. Nilipobatizwa niliacha na sikuona tabu, nilifikiri nimeshinda. Miaka ishirini na mitatu, Hilari. Pale nyuma ya banda nilionja kwa haki kabisa, nikijua nitasema imegeuka, imwagwe. Ulimi ulijua mara moja kwamba ni mkangafu. Na ni mkangafu wa namna gani! Sijapata kuonja kitu kama hicho, hata cha baba yangu hakikufikia. Wewe huna mfano katika nchi hii yote ya Wabena, nasema bila kujipendekeza. Nikafumba macho nikawa begani mwake.

Nikafikiri haraka. Nikisema ni pombe, itamwagwa yote sasa hivi mbele ya macho yangu. Nikisema ni togwa, nitakunywa tena pamoja na watu, mchana, bila kujificha. Hicho ndicho nilichotaka. Vikombe viwili zaidi. Nilivipata.

Haya mengine yote nimeyafanya kuvifunika vile vikombe viwili.

Siwezi kuyasema barazani. Nina miaka sitini, na sina kitu kingine ila kiti hiki. Choma barua hii ukishaisoma. Lakini nakuomba, kwa kuwa sasa unajua, nitumie mbeta moja. Moja tu. Mpe dereva wa lori, mwambie ni dawa. Uifunge vizuri kwa kitambaa asijue.

Nimemshonea mjukuu gauni, liko ndani ya kifurushi hiki. Lina lesi shingoni.

Filemoni


Kifanya,
2 Januari 1955

Mzee Mwenyekiti,

Barua yako imefika na kifurushi pia. Safari hii stempu ina picha ya Malkia. Mfalme hatimaye amepumzika.

Uliniambia niichome. Sikuichoma. Nimeibeba mwenyewe mpaka Lupembe kwa miguu, siku mbili kwenye mvua, nikiwa nimeifunga katika jani la mgomba kifuani, maana nilishachoka na vitu vinavyogeuka vikiwa ndani ya lori. Shangazi Ida alinifungulia. Oktavia alikataa kutoka. Nikaisukuma chini ya mlango, nikaketi nje. Aliisoma kimya. Kisha nikamsikia akisoma kwa sauti pale penye vikombe viwili, akapasoma tena, kama mtu anayehesabu chenji.

Alitoka akaniamkia. Hakuniomba msamaha, nami sikuuomba wake. Amesema, wewe ulisema uongo ili ushibe, na mimi nilisema uongo ili yeye ale, na yeye ndiye aliyelala njaa. Amesema hajajua yupi kati yetu alimwumiza zaidi, na kwamba akijua ataniambia. Amerudi nyumbani Kifanya na mtoto. Anaongea na mama yake. Na mimi ananijibu nikimwuliza.

Nilimwambia barua yako aipeleke barazani kwenu, watamrudishia nyumba yake. Amekataa. Amesema, "Baba, nikienda nayo watanirudisha kwa Ezekia." Kwa hiyo kaa kwenye kiti chako bila hofu, hakuna anayekuja kukuondoa. Barua iko ndani ya sanduku lake, chini ya gauni la harusi ulilolirudia pindo mara tatu.

Sasa kuhusu ombi lako. Umenisifu sana. Umesema sina mfano, umesema hata marehemu baba yako hakunifikia. Unajua wahenga walisema nini juu ya mgema akisifiwa. Mimi ni mgema wa siku nyingi na sikuwahi kutia maji katika ulanzi wa mtu, hata wa mlevi aliyelewa asiyejua tofauti. Lakini sifa zako zimenishinda.

Dereva atakupa mbeta. Imejaa maji. Ni ya kisima chetu, Oktavia mwenyewe ameyachota asubuhi ya leo na kuyamimina, nami nilimshikia mbeta. Ulisema ifungwe kwa kitambaa. Kitambaa pia amekichagua yeye, utakitambua kwa lesi ya shingoni. Jina la mtoto hukuuliza, basi silitaji.

Nenda nyuma ya banda, onja kwanza, kama ulivyoahidi siku ile. Kisha niandikie ni kitu gani. Ukisema ni mkangafu, nitumie karatasi, nitatia sahihi.

Hilari Mgaya